Mama Mnada na Nyumba ya Kilakala

Mjini Morogoro Filomena Mkude ana majina mawili. Wapangaji wake wanamwita Mama Agnes, kwa jina la binti yake mkubwa, na wanalitamka kwa adabu zaidi kila mwisho wa mwezi unapokaribia. Wengine wote wanamwita Mama Mnada. Hilo la pili hawalisemi mbele yake, lakini analijua, na akilisikia likipita nje ya dirisha lake hutabasamu peke yake.

Ana nyumba nne za kupangisha. Mbili ziko Kihonda, moja Mazimbu, na ya nne iko Kilakala, chini kidogo ya milima. Zote alizinunua mnadani baada ya wenyewe kushindwa kulipa mikopo ya benki. Watu wanasema ana roho ngumu, kununua nyumba ambayo mwenyewe bado yumo ndani anakunja mapazia. Yeye hawabishii. Roho yake ilikuwa laini kabisa mpaka Oktoba ya mwaka 2009, na aliyeigeuza anajulikana kwa jina.

Filomena ni Mluguru wa Nyandira, kule Mgeta kunakotoka njegere na kabichi. Aliolewa kanisani na Damasi, Mluguru mwenzake, fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, wakashuka mjini wakajenga Kilakala nyumba ya vyumba sita. Walijenga kwa miaka tisa. Damasi alipanga matofali siku za mapumziko, Filomena alichota maji, akasomba mchanga na kuwapikia mafundi. Vyumba vitatu walikaa wenyewe na vitatu wakapangisha. Kisha Damasi akaugua ini, akafa katika mwezi mmoja.

Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwanamume akifa, mali yake haiwashukii watoto wake, inakwenda pembeni kwa wapwa zake, watoto wa dada yake. Zamani mali yenyewe ilikuwa jembe, mbuzi wawili na kishamba cha mteremkoni, na mjane alirudi kwao akapewa shamba na wajomba zake, maisha yakaendelea. Siku hizi mali ni nyumba ya bati yenye umeme na maji ya bomba, lakini wanaofaidika na mila hawajaona sababu ya kuibadilisha.

Mpwa mwenyewe aliitwa Elia. Alikuwa amekaa katika nyumba hiyohiyo miaka sita akisoma na baadaye akitafuta kazi, na Filomena ndiye aliyemfulia na kumpakulia chakula. Siku ya kuanua tanga wazee walimkabidhi Elia jina la mjomba wake kama ilivyo desturi, na yeye, pamoja na jina, akajipa na funguo. Miaka yote sita alikuwa akimwamkia Filomena shikamoo asubuhi na jioni. Siku ile shikamoo ilimwishia.

"Ukoo umeamua," alisema. "Chukueni nguo zenu. Vyombo viacheni, vilinunuliwa na marehemu."

Hata jiko la mkaa lilibaki. Filomena alitoka na godoro moja la wasichana, Agnes akiwa na miaka kumi na mmoja na mdogo wake Pili saba, na mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza. Walifika Mji Mpya kwenye chumba cha kupanga godoro likiwa limelowa chapachapa, wakalala sakafuni juu ya magunia. Usiku ule Filomena alilia kwa hasira tupu, mpaka meno yakamuuma kwa kuyakaza.

Alikwenda mahakamani kudai, akaambiwa msimamizi wa mirathi ameshateuliwa, ni Elia, na tangazo lilibandikwa siku zake zote likaisha. Akaomba nakala ya karatasi zilizompa Elia nyumba. Ndani yake kulikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, umesainiwa na watu tisa, na sentensi ya nne ilisema hivi: "Marehemu hakuacha mjane. Mwanamke aliyekuwa akimpikia amekwisha kurudi kwao Mgeta."

Aliisoma akiwa amesimama kwenye korido. Miaka kumi na minane ya ndoa, cheti cha kanisa, watoto wawili, halafu mpishi! Hakuwa na fedha ya wakili, na watoto walitaka kula, kwa hiyo aliikunja ile nakala akaitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti chake cha ndoa. Tangu siku hiyo hakutaka fidia wala msamaha. Alitaka ile nyumba, nzima, kwa jina lake, na Elia awe hai siku hiyo ajionee.

Tuipe mila haki yake, kwani iliyomvua nyumba ndiyo iliyompa shamba. Wajomba zake wa Nyandira walimkatia matuta ya mama yake, pale maji ya mlimani yanapopita karibu, akalima kabichi na njegere, akawa anazishusha sokoni mwenyewe, na baadaye akawa anapakia Fuso zima kwenda Dar es Salaam. Alikula dagaa, akavaa kitenge kimoja, akasomesha. Mwaka 2014 gari lenye kipaza sauti lilipita Mji Mpya likitangaza nyumba ya Kihonda inayopigwa mnada, na Filomena akaweka chini tenga lake akasikiliza mpaka mwisho.

Wenyeji wengi wa mji hawanunui mnadani. Wanaogopa kukutana msibani au sokoni na mtu waliyemnunulia nyumba, wanasema nyumba ya namna hiyo ina machozi ya watu. Filomena alijiuliza ni machozi gani hayo yatakayoyazidi yake. Akanunua, kwa bei ambayo kiwanja peke yake kisingepatikana.

Kazi hiyo aliijua kwa kuifanya. Kabla ya mnada alikwenda kwenye nyumba akijifanya anatafuta chumba. Alikaa na wapangaji wa kike uani akawasaidia kuchambua mboga, na kabla mboga haijaiva alikuwa ameshajua choo kinajaa lini, mita ya umeme ya luku ni moja au kila mtu na yake, jirani gani ana ugomvi wa mpaka. Alipanda juu ya ndoo akatazama kenchi za paa kama zina mchwa. Kisha alimtafuta mke wa mwenye nyumba akamuuliza swali moja: ulisaini mkopo? Mke akisema hakusaini, Filomena aliaga akaondoka hata kama nyumba ni nzuri namna gani, kwa sababu nyumba hiyo itamfuata mahakamani miaka kumi. Akishanunua hakumtoa mpangaji yeyote anayelipa. Alipaka rangi, akatengeneza choo kwanza, akamwandikia kila mtu mkataba. Wapangaji walimpenda kwa choo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Na kila tangazo la mnada alilisoma akitafuta jina la Elia. Alimjua. Mtu aliyepata nyumba bila kubeba hata ndoo moja ya maji hawezi kuogopa kuiweka rehani. Elia alikuwa akipita mjini na pikipiki mpya, kisha na gari la mkopo, kisha akasikika Dakawa amekodi ekari sitini za mpunga wakati hawezi kusimamia ishirini. Filomena alikuwa akiuliza habari za mpunga wa Dakawa kwa madereva wa malori, na wakimwambia mwaka huu umeharibika aliwanunulia soda.

Jina lilikuja mwaka 2023, mwezi wa Agosti, siku ya Jumanne. Gari la dalali lilipita Kihonda saa nne asubuhi likitaja Kilakala, nyumba ya vyumba sita, mkopaji Elia, mnada baada ya siku kumi na nne. Filomena alikaa chini kwenye ngazi ya nyumba yake. Agnes, ambaye sasa alikuwa mwalimu na alikuja kumsalimia, alidhani mama yake ameshikwa na kizunguzungu akakimbilia maji.

"Sitaki maji," Filomena alisema. "Nataka mfuko wangu wa nailoni."

Kwa wakili alikwenda kesho yake, mwanamke mmoja makini aliyeitwa Shadya. Shadya alisoma ule muhtasari mara mbili akavua miwani.

"Mama, hii ni karatasi ya uongo," alisema. "Kudai nyumba upewe moja kwa moja umechelewa, sheria inatoa miaka kumi na miwili tu, nayo imepita. Lakini ukienda kupinga kama mjane, mnada huu unaweza kusimama mwaka, hata miwili."

"Na nyumba itakuwa ya nani miaka hiyo miwili?"

"Itabaki mikononi mwa Elia, kesi ikiendelea."

"Na nisipopinga?"

"Itauzwa. Lakini sikufichi, anaweza kuinunua yeyote. Ikienda kwa mtu wa Dar mwenye fedha zake, ndiyo umeikosa maisha."

Filomena alishukuru akaondoka. Alikwenda Kilakala vilevile kama anavyokwenda kwenye nyumba zote. Mke wa Elia, Joyce, alikuwa uani anakaanga vitumbua vya biashara. Aliolewa pale miaka miwili baada ya Filomena kutolewa na hakuwahi kumwona. Filomena alinunua vitumbua vinne, akakaa kwenye kigoda, akauliza swali lake.

"Nilisaini, mama," Joyce alisema bila kuinua macho kwenye kikaango. "Aliniambia ni mkopo wa cherehani yangu. Sikusoma."

"Na cherehani?"

"Sijaiona mpaka leo."

Filomena alimaliza kitumbua chake. Alimwonea huruma yule mwanamke, kidogo, kisha akaona ule ukuta aliousombea mchanga na huruma ikaisha.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, ukoo wa Damasi ukabisha hodi Kihonda. Walikuwa wawili. Mbele alikuwa Mzee Mikaeli, mkubwa wa ukoo, aliyekiongoza kile kikao, na nyuma yake Elia ameshika jogoo na kilo mbili za sukari. Elia alikuwa amekonda, na shati lake la kanisani lilikuwa limempwaya.

"Shikamoo, mkaza mjomba," alisema.

Filomena alikuwa anamenya njegere. Alimenya ganda la kwanza, la pili, la tatu, jogoo akipiga mbawa mikononi mwa Elia.

"Marahaba, Elia. Umenikumbuka."

Mzee Mikaeli alikohoa akaanza kwa mbali, akasema habari za mvua, habari za marehemu na upendo wake kwa watu, kisha akafika. Wakili wao amewaambia kwamba mwenye uwezo wa kuuzuia ule mnada ni mtu mmoja tu.

"Ni mjane," alisema mzee. "Na mjane ni wewe, mwanangu. Sote tunajua mjane ni wewe. Uende ukaape kwamba nyumba iliwekwa rehani bila wewe kuridhia."

"Nikishaapa?"

"Nyumba ya ukoo inapona. Na wewe hatutakusahau, utapewa chumba chako."

"Kimoja?"

"Kimoja kizuri."

Filomena alifuta mikono kwa kanga, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni. Alimpa Mzee Mikaeli ile karatasi.

"Nisomee sentensi ya nne, mzee wangu."

"Miwani nimeisahau, mwanangu."

"Elia anaona. Soma, Elia."

Elia alisoma. Alipofika kwenye neno *akimpikia* alilisema kwa chini, na Filomena akamwambia arudie, hakusikia vizuri. Akarudia.

"Sasa mnanipa kazi ngumu," Filomena alisema. "Niende mbele ya hakimu niseme mjane yupo, wakati watu wazima tisa wamesaini kwamba hayupo? Niwaumbue wazee wa ukoo kwamba ni waongo? Hapana, mimi nina adabu zangu. Mlichoandika ndicho hichohicho. Jogoo mwacheni, sukari rudini nayo."

Elia alipiga magoti. Alisema ana watoto watatu, alisema shetani alimpitia, alisema ujana. Filomena alimsikiliza mpaka akaishiwa, na haikuwa kwa upole. Alitaka asikose hata neno moja. Wakati wakiondoka moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha, na jioni yule jogoo alikuwa mtamu.

Kabla ya mnada hakulala vizuri siku nne. Alikuwa tayari kufika milioni sabini, na nyumba ya Mazimbu alikuwa ameshaitafutia mnunuzi endapo angelazimika. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Siku yenyewe alipofika Kilakala aliona gari jeusi limesimama chini ya mteremko, na ndani yake bwana mmoja mnene kutoka Dar es Salaam, Yusuph, anayenunua nyumba za namna ile mikoa yote. Milioni sabini kwa Yusuph ni fedha ya kubadilishia matairi.

Dalali, kijana mchangamfu aliyeitwa Hafidhi, alisoma masharti: robo ya bei inalipwa leoleo, iliyobaki ndani ya siku kumi na nne, na benki haipokei chini ya milioni arobaini na tano. Yusuph aliinua mkono akasema arobaini na tano kwa uvivu, hata hakuvua miwani ya jua.

Ndipo Elia akatoka ndani mbio. Alikuwa amepanga kuuharibu ule mnada kwa njia aliyobakiwa nayo.

"Msinunue!" alipiga kelele. "Nyumba hii ina kesi! Ina mjane wa marehemu, hajaridhia! Atakayenunua atalala mahakamani!"

Watu wakaguna. Yusuph akavua miwani. Mtu anayefanya kazi ile analiogopa neno mjane kuliko neno mchwa.

"Mjane yuko wapi?" Hafidhi aliuliza.

"Yule pale!" Elia alimnyooshea kidole Filomena mbele ya mtaa mzima, majirani wa zamani wakiwemo. "Yule ndiye mke halali wa mjomba wangu, wa ndoa ya kanisani! Mwulizeni!"

Miaka kumi na minne alikuwa akiyangoja maneno hayo, na sasa yanatolewa bure, kwa sauti, na mdomo uleule. Yusuph alimtazama Filomena, akatazama nyumba, akamwambia dalali kwamba anaondoa dau lake, yeye hanunui kesi za wanawake. Wanunuzi wengine wawili wakamfuata kuelekea kwenye magari.

"Mama," Hafidhi akasema kwa unyonge, akiona siku yake imeharibika, "wewe una pingamizi?"

"Mimi nina milioni arobaini na sita," Filomena alisema.

Mwanamke mmoja nyuma akaangua kicheko, na kicheko kikaenda mtaa mzima. Hafidhi aliita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa haraka, kabla mtu mwingine hajabadili mawazo. Elia alibaki amesimama na kile kidole bado hakijashuka vizuri.

Filomena alilipa robo siku hiyo na iliyobaki siku ya tisa. Nyumba ya Mazimbu hata hakuigusa.

Sasa, watu walidhani atamfukuza Elia. Mtaa ulijiandaa kutazama. Lakini Filomena alikuwa amelifikiria jambo hilo miaka mingi na alikuwa mbele yao. Kumfukuza mtu ni raha ya siku moja. Kumpangisha ni raha ya kila mwezi. Angewapa vyumba viwili vya nyuma, kwa kodi ya kawaida, na kila mwezi Elia angekuja kumlipa kwa mikono miwili, angeomba ruhusa ya kupigilia msumari ukutani, angeomba asogezewe tarehe, na yeye angemsogezea, siku mbili, tatu, ili aje tena. Angezeeka naye hivyohivyo.

Asubuhi ya makabidhiano alikuja na mwenyekiti wa mtaa na mkataba mkononi. Elia alikuwa amekaa juu ya begi lake kibarazani. Aliposikia masharti aliinama, akasema anashukuru, akasema Mungu ambariki. Filomena alimeza kila neno taratibu.

"Ila mkataba namwandikia Joyce," alisema. "Mimi naandikiana na mwenye kipato, na mwenye kipato hapa ni mwenye vitumbua."

Joyce alifuta mikono akachukua kalamu. Safari hii alisoma. Alisoma kila mstari kwa kidole, mwenyekiti wa mtaa akipiga miayo, akajaza jina lake, akajaza kazi yake. Alipofika kwenye idadi ya watakaoishi humo alisimama kidogo, akaandika.

Elia alichungulia juu ya bega lake.

"Mama watoto, umeandika wanne. Sisi tuko watano."

"Najua kuhesabu," Joyce alisema, akasaini.

Mwenyekiti wa mtaa alitazama viatu vyake. Elia alimgeukia mkewe, kisha, kwa kukosa pengine pa kugeukia, akamgeukia Filomena, akimtazama kama mtu anayengoja mkubwa aamue.

Filomena alifungua mdomo. Alitaka kusema aandikwe wa tano, alitaka kusema hata kodi atapunguza, akae, lazima akae. Aliona miezi yake yote ikimponyoka, mwezi baada ya mwezi, na aliyeichukua ni mwanamke aliyedanganywa cherehani, kwa kalamu, bila hata kupaza sauti. Lakini mkataba ulikuwa umesainiwa, na mikataba yake haivunji.

Elia aliokota begi akashuka ule mteremko. Filomena alimtazama mpaka alipokata kona, na akajikuta amemchukia Joyce kidogo. Kisha akampa funguo.